Jicho la Kamera, Mwanga wa Karabai

Kijana alipigwa kwa sababu ya picha.

Duka la vifaa vya umeme lililo mtaa wa nyuma yetu, hapa Tanga, lilivunjwa usiku. Asubuhi mwenye duka akafungua kamera yake, akamwona mtu akipita kati ya rafu, akaipiga skrini picha kwa simu na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Juu yake aliandika neno moja: Anatafutwa. Kufika adhuhuri picha ilikuwa imeshavuka mitaa mitatu, na kwenye kijiwe kimoja cha bodaboda alikuwepo kijana mwenye fulana kama ile ya kwenye picha, na kichwa kilichonyolewa namna ile ile. Mimi nilikuwa natoka kuswali. Nilipofika walikuwa wameshamvunja mkono, na mmoja wao alikuwa amekwenda kutafuta tairi.

Nilistaafu polisi mwaka 2021 baada ya miaka 38, lakini mtaani bado wananiita Afande, na siku ile jina hilo ndilo lililomwokoa. Nilisimama juu yake hadi difenda ikaja. Tulipokuwa tukiisubiri, mama mmoja ninayemheshimu sana, jirani yangu wa miaka mingi, alinisogezea simu yake. "Mzee wangu, hebu tazama mwenyewe," aliniambia. "Mtu anaweza kumsingizia mwenzake. Kamera haina chuki na yeyote."

Kijana alikuwa amelala kwenye vumbi akirudia neno lile lile: siyo mimi, baba, siyo mimi.

Usiku ule alinipigia simu mpwa wangu. Naye ni askari, ana miaka miwili tu kazini, na habari ilikuwa imeshamfikia. Alisalimia, akauliza hali ya nyumbani, kisha akaniuliza jambo ambalo nadhani lilikuwa likimsumbua muda mrefu. "Mjomba, mbona chuoni tulifundishwa gwaride la utambulisho siku nzima? Kamera zinakuja, kompyuta inajua sura ya mtu kwa sekunde moja. Si tulikuwa tunasoma historia?" Tulizungumza hadi salio lake likaisha, nikampigia mimi. Mengi ya ninayoyaandika hapa ndiyo niliyomweleza, na mengine yalinijia baada ya kukata simu, usingizi ulipokataa kuja.

Mwaka 1988 nilikuwa konstebo kwenye kituo kidogo cha Kanda ya Ziwa, nikiwa ndiyo kwanza nimeanza kupewa majalada ya upelelezi. Majambazi waliingia usiku nyumbani kwa mfanyabiashara mmoja, wakamkata panga, wakachukua fedha. Mkewe alimwona mmoja wao kwa mwanga wa karabai. Tulipomkamata mtu tuliyemshuku, tuliandaa gwaride kama kanuni ya polisi, PGO namba 232, inavyoagiza: watu wanane au zaidi wanaofanana naye kwa umri na umbo, mtuhumiwa achague mwenyewe pa kusimama, na mpelelezi wa kesi asiwe msimamizi. Kwa hiyo sikuwepo uwanjani. Nilikuwa chumba cha pili, na nilichosikia ni kilio. Mama alikuwa amepita mbele ya mstari mara moja tu, akamgusa mtu wetu begani, akaanza kulia kama aliyefiwa upya.

Hakuna aliyekuwa na shaka baada ya kilio kile. Mimi ndiye niliyekuwa na shaka ndogo kuliko wote.

Miezi mitano baadaye alihamia kwetu mkuu mpya wa upelelezi, mtu mzima aliyesoma majalada polepole, kidole kikifuata mistari. Aliniita. Hakuuliza mama alikuwa na uhakika kiasi gani. Aliuliza, "Karabai ilikuwa imening'inia wapi?" Sikujua. Akafungua mtoto wa meza na kutoa karatasi zilizopigwa chapa, hukumu ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 1980 katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri. Nimeisoma mara nyingi tangu siku ile. Mahakama ilisema kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu kuliko aina nyingine zote, na haufai kutegemewa mpaka kila uwezekano wa kukosea uwe umeondolewa. Kwa hiyo shahidi aulizwe: alimwangalia mtu huyo kwa muda gani, akiwa umbali gani, kulikuwa na mwanga wa namna gani, na je, alikuwa anamfahamu kabla ya siku hiyo?

Tulikwenda nyumba ile usiku. Mkuu akaagiza karabai ile ile iwashwe na itundikwe kwenye msumari ule ule, kisha akanisimamisha mlangoni aliposimama jambazi. Mama akaketi alipokuwa ameketi. Taa ilikuwa nyuma yangu. Akaniangalia kwa muda mrefu, halafu akashika kinywa. Sura yangu ilikuwa nyeusi tii. Alichokiona ni kimo na mabega.

Basi alimtambuaje mtu wetu? Ilichukua siku mbili kulijua hilo. Mtu yule alikuwa akija mnadani kila juma kununua chumvi, na mama alishamwona mara kadhaa bila kumtilia maanani. Alipomkuta kwenye mstari wa watu wageni, moyo wake ukamwambia, huyu namjua. Ni kweli alimjua. Alikosea tu mahali alipomjulia. Hakusema uongo hata chembe, na mtu asiye na hatia alikaa mahabusu miezi mitano kwa ukweli wake. Siku alipoachiwa alikuja kaunta kuchukua mkanda na viatu. Akavivaa taratibu, akaniamkia, akaondoka. Laiti angenitukana.

Nilimwambia mpwa wangu, kama kuna kitu kimoja nilichokipata kwa miaka 38, ni swali la karabai. Kamera, alama ya kidole, minara ya simu, programu inayosoma sura, vyote ni mashahidi. Ni mashahidi wazuri, mara nyingi wazuri kuliko sisi. Lakini shahidi huulizwa, na mashine tumeanza kuipokea bila kuiuliza.

Chukua alama za vidole. Chuo cha Polisi Moshi, mwaka 1983, tulifundishwa kupaka wino kwa rola juu ya kioo na kukizungusha kidole cha mtu kutoka ukucha hadi ukucha. Mkufunzi alituambia kwamba mfumo wa kuzipanga alama unaitwa wa Henry, kwa jina la Mwingereza Edward Henry aliyekuwa mkuu wa polisi kule Bengal, na kwamba ofisi ya alama ilifunguliwa Calcutta mwaka 1897, kabla ya ile ya London ya mwaka 1901. Hakututajia Azizul Haque na Hem Chandra Bose, Wahindi wawili waliokuwa chini ya Henry na waliofanya sehemu kubwa ya hesabu za mfumo huo. Hao niliwasoma nikiwa mzee. Nilisoma pia habari za majirani zetu wa Kenya, ambako serikali ya kikoloni ilitunga sheria mwaka 1915 na kuanza kuitekeleza baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na wanaume Waafrika wakachukuliwa alama za vidole na kutakiwa kutembea na kipande ndani ya kikasha cha chuma shingoni. Huko teknolojia hii ilitumika kumjua kibarua aliyetoroka shamba. Naona ni vizuri askari kijana alijue hilo, ili asishangae mzee anapokiogopa kidude cha kuwekea kidole.

Nilipohamishiwa Tanga ndipo nilipokutana na vidole visivyo na alama. Mtu aliyekata mkonge miaka ishirini, akashika majani yale na utomvu wake, unamzungushia kidole kwenye karatasi na kinachobaki ni doa tupu, laini kama jiwe la mtoni.

Mwaka 2020, karibu nastaafu, aliletwa kituoni bibi mmoja aliyefanya kazi ya namna hiyo tangu usichana. Laini iliyosajiliwa kwa jina lake ilikuwa imetuma kwa watu wengi ule ujumbe tunaoufahamu sote, "ile hela tuma kwenye namba hii," na mtu mmoja alikuwa amepoteza ada ya mtoto. Mashine ilikuwa imesema bila kigugumizi: namba ya kitambulisho ni yake, kidole ni chake. Bibi alikuwa na kitochi kimoja kilichofungwa kwa mpira. Nikampigia *106# palepale. Zikatokea laini nne.

Nikamwomba anieleze siku aliyokwenda kusajili. Usajili kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na tarehe ya mwisho ilisogezwa kutoka Desemba 31 hadi Januari 20, 2020, hivyo siku zile kila mwavuli wa wakala ulikuwa na foleni. Bibi alisimama tangu asubuhi. Alipoweka kidole, wakala akamwambia hakisomi, arudie. Akarudia. Akaambiwa ajaribu kingine, kisha kingine. "Nikaona aibu, mwanangu," aliniambia. "Nikadhani ni vidole vyangu vimeisha kwa mkonge." Vingine kweli havikusoma. Vilivyosoma, kila kimoja kilizaa laini ambayo hakuiona. Hakuna swali lolote kati ya yale manne ya Mahakama ya Rufani ambalo lingemsaidia yule bibi, kwa hiyo nimeongeza la tano la kwangu: nani alikuwa ameishika mashine?

Kosa langu mwenyewe lilikuja kati ya kesi ya karabai na ya bibi yule, mwaka 2012, na hilo ndilo linaloniuma zaidi kwa sababu nilikuwa nimeshafundishwa. Orodha za mawasiliano kutoka kampuni za simu zilikuwa zimeshakuwa chombo chetu cha kila siku. Tulikuwa na wizi wa mifugo uliojeruhi mlinzi, na orodha ikaonyesha kwamba simu ya mtu fulani ilikuwa chini ya mnara wa kijiji kile usiku kucha. Mtu mwenyewe aliapa kwamba alilala kwake, kilomita kumi na kitu kutoka pale. Nilimcheka. Nilimweka ndani usiku mbili, nikamwandika maelezo ya onyo, nikamwambia simu haijui kusema uongo.

Kijiji chake hakikuwa na umeme. Simu yake alikuwa ameiacha kwenye kibanda cha kuchajia, jirani na mnara, kama walivyofanya watu wengine wengi siku ya gulio, na akaifuata kesho yake. Mwenye kibanda alikuwa na daftari lenye jina na saa. Mnara ulisema kweli: simu ilikuwepo. Mimi ndiye niliyeisoma simu nikaita mtu.

Siandiki haya kuwatisha watu wasitumie vifaa. Ipo kesi ya mauaji ya mwaka 2014 ambayo kijiji kizima kilinyamaza kwa hofu, na kilichozungumza ni orodha ya simu zilizopigwa usiku ule. Bila orodha ile mjane angezeeka bila jibu. Barabarani vilevile: tangu faini ya dereva ianze kulipwa kwa namba ya malipo badala ya noti mkononi, askari mwadilifu anaweza kufanya kazi yake bila kutazamwa kama mwizi, na mwenye tamaa amepungukiwa pa kujificha. Teknolojia ilinifanya niwe mpelelezi bora. Nataka mpwa wangu aipate pia, na nyingi kuliko niliyoipata mimi.

Lakini sasa inakuja ile inayotambua sura, na hapo mwanga wa karabai unanirudia kwa nguvu. Mwaka 2018 watafiti wawili, Joy Buolamwini na Timnit Gebru, walichapisha matokeo ya kuzijaribu programu za kampuni kubwa zilizotazama picha ya uso na kusema ni wa mwanamume au mwanamke. Kwa wanaume weupe programu hizo zilikosea mara chache mno, chini ya moja katika mia. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, mojawapo ilikosea hadi asilimia 34.7. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuliko kumtafuta mhalifu kati ya mamilioni ya watu. Kifaa kilichofundishwa kwa sura za watu wengine kikija kusimikwa barabara ya kumi na mbili, Tanga, kitakuwa kinatuona kama mama yule alivyoniona mimi mlangoni, taa ikiwa nyuma.

Na yameshatokea. Januari 2020 polisi wa Detroit, Marekani, walimkamata Robert Williams, Mwafrika Mmarekani, nje ya nyumba yake, mkewe na binti zake wadogo wakitazama. Kulikuwa na wizi wa saa dukani mwaka 2018. Programu ilichukua picha hafifu ya kamera ya duka ikaileta leseni yake ya udereva. Alikaa kizuizini karibu saa 30. Jambo lililonifanya niweke kitabu chini nilipolisoma ni hili: kabla ya kumkamata, polisi walifanya kitu kama gwaride, wakampa mtu picha sita achague. Mtu huyo hakuwepo dukani siku ya wizi. Alikuwa ameitazama tu ile video. Kwa hiyo mashine ilimchagua mtu anayefanana na video, kisha binadamu aliyeiona video akathibitisha kwamba kweli anafanana nayo, na wakauhesabu huo kuwa ushahidi wa pili. Mkuu wangu wa 1988 angelirudisha jalada hilo mezani kwangu kabla chai haijapoa. Mwaka 2024, katika kumaliza kesi aliyoifungua Williams, polisi wa Detroit walikubali kutomkamata mtu kwa jibu la programu peke yake, wala kwa kuliunganisha jibu hilo moja kwa moja na zoezi la kuchagua picha.

Mpwa wangu aliuliza, "Na kamera za vituoni, mjomba? Zile si zinatulinda sisi na watuhumiwa pia?"

Zinalinda, pale zinapoachwa ziwake. Mapema miaka ya 1990 nilipangiwa kituo ambako rejesta ya mahabusu iliruka kutoka ukurasa wa 46 hadi wa 49. Kurasa za rejesta zina namba kwa sababu hiyo hiyo. Aliyechana karatasi ile alidhani amefuta jambo, kumbe pengo lenyewe lilipiga kelele, na watu wawili walipoteza kazi. Juni 2025 nilifuatilia kwa uchungu habari za mwalimu kijana aliyefia mikononi mwa polisi jijini Nairobi. Kauli ya kwanza ya polisi ilisema alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ya kupigwa. Chombo huru cha kuwasimamia polisi wa Kenya, IPOA, kikaieleza Seneti kwamba kamera za kituo zilikuwa zimechezewa. Nililia. Nimevaa sare maisha yangu yote, najua mlango wa mahabusu unavyolia usiku, na najua mtu aliye ndani hana mwingine wa kumtegemea isipokuwa aliyeshika ufunguo.

Sheria yetu ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inaitaka mahakama inapopima ushahidi wa namna hii iangalie ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na kama uzima wake umelindwa. Hiyo ndiyo namba ya ukurasa. Nilimsihi mpwa wangu akisome kifungu hicho kama nilivyoisoma mimi hukumu ya 1980, hadi karatasi ilainike. Siku hizi hata sauti ya mtu inaweza kuundwa na kompyuta ikamwomba mamaye fedha. Askari asiyejua kuuliza kitu kilitoka wapi atabebeshwa uongo wa kila mtu.

Kesho yake baada ya kijana kupigwa, alasiri, nilikwenda lile duka. Kijana alikuwa bado kituoni, mkono umefungwa plasta. Wapelelezi walikuwa wamemuuliza, saa tisa na dakika arobaini usiku ulikuwa wapi, maana picha ilionyesha 03:40, tarehe ikiwa imekatika pembeni. Alijibu alikuwa amelala. Alikuwa peke yake. Hapakuwa na wa kumtetea.

Nilimwomba mwenye duka aniwashie kamera. Sikutaka ya usiku ule. Nilitaka ya sasa hivi. Tukajiona wote wawili kwenye skrini, yeye na mimi, migongo yetu. Kwenye pembe paliandikwa 23:05. Nikaangalia saa yangu ya mkononi. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika tano jioni, nje watoto wanacheza.

Tulimpigia fundi aliyeifunga. Alikumbuka vizuri: alimaliza kazi usiku, duka likiwa limeshafungwa, saa mbili kamili. Mashine ikamtaka ajaze saa, akajaza 02:00. "Si ilikuwa saa mbili, Afande?" aliniuliza. "Ningeandika ngapi?" Mwizi basi hakuingia saa tisa usiku. Aliingia saa tatu na dakika arobaini, na wakati huo kijana yule alikuwa kwenye kibanda umiza akitazama mpira na watu zaidi ya ishirini. Mwenye kibanda alimkumbuka kwa sababu alikuwa amekuja na noti kubwa, chenji ikakosekana.

Aliachiwa kesho yake. Mwenye duka, mtu muungwana, alikwenda kwao na sukari na mchele kuomba radhi, kisha akaandika kwenye kundi la mtaa kwamba yule siye, tumsamehe. Watu wachache waliweka alama ya mikono iliyokunjwa.

Juzi picha ile imenifikia tena. Imetumwa na ndugu yangu aliyeko Morogoro, ambaye hajui kwamba iliondokea kwetu. Safari hii kuna mtu ameizungushia sura duara jekundu, na juu yake lipo lile neno moja.